Vishikwambi tunavyo, ramani tunazo: mbona takwimu za watu za Afrika Mashariki hazisomani mpakani?

RamaniHai (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kenya ilihesabu watu kwa vishikwambi usiku wa kuamkia 25 Agosti 2019 ikapata 47,564,296. Rwanda ikafuata katikati ya Agosti 2022 (13,246,394), Tanzania wiki moja baadaye, usiku wa kuamkia 23 Agosti (61,741,120), na Uganda Mei 2024 (takriban milioni 45.9). Nchi zote nne zina maeneo ya kuhesabia watu yaliyochorwa kidijitali, na zote zina umri na jinsi ya kila aliyehesabiwa.

Sasa jaribu kazi moja ndogo tu: jedwali la watu kwa umri na jinsi, ukanda wa kilomita 20 kila upande wa mpaka, kuanzia Sirari na Isebania mpaka Namanga. Ndilo jedwali analolihitaji mtu wa chanjo au wa maji, kwa sababu ugonjwa na mto haviombi pasipoti. Utakwama kabla ya chai ya saa nne.

Dai langu: kinachotukwamisha ni misimbo ya maeneo, yaani namba za kutambulisha kila mkoa, kaunti au wilaya. Chukua Kenya. Kwenye orodha ya kaunti ya serikali, 001 ni Mombasa na 047 ni Nairobi. Kwenye ISO 3166-2, orodha ya kimataifa ya misimbo ya maeneo, KE-01 ni Baringo, Mombasa ni KE-28 na Nairobi ni KE-30, maana ISO imepanga kwa alfabeti. Tanzania ni yale yale: kwa NBS (Ofisi ya Taifa ya Takwimu) 01 ni Dodoma na 02 ni Arusha, kwa ISO TZ-01 ni Arusha na TZ-02 ni Dar es Salaam. Ukiunganisha faili mbili za namna hiyo kompyuta hailalamiki. Kila mstari unapata mwenzake, na jedwali zima ni la uongo.

Tukubaliane misimbo kwanza, mengine yatafuata. Nani anapinga?

Seva_Baridi

Naunga mkono, na kuna ugonjwa wa pili: sifuri ya mbele. Ukifungua CSV (faili la jedwali la maandishi matupu) kwenye Excel kwa kubofya mara mbili, 01 inageuka 1, na 001 nayo inageuka 1. Ukihifadhi tu, imekwenda na hairudi. Msimbo wa tarakimu sita unabaki na tano, kisha mtu mwingine anajaza sifuri mwishoni badala ya mwanzoni.

Dawa ni safu ya msimbo isomwe kama maandishi tangu mwanzo, na msimbo wenyewe uwe na herufi ndani yake ili programu isithubutu kuufanya namba. Muundo unaofaa: namba ya nchi ya Umoja wa Mataifa (Kenya 404, Tanzania 834, Uganda 800, Rwanda 646, Burundi 108, Kongo ya Kinshasa 180, Somalia 706, Sudan Kusini 728), kisha herufi ya ngazi, kisha msimbo wa nchi husika kama ulivyo, kisha mwaka wa mipaka. Arusha inakuwa 834-M-02-2022, M ikiwa mkoa. Usiwaambie nchi yoyote ibadilishe misimbo yake ya ndani. Hawatabadilisha, na hawana sababu.

Kipimo_Rula

Huo mwaka mwishoni usiondolewe hata kwa dawa. Tanzania iliingia sensa ya 2012 na mikoa 30, ya 2022 na 31. Mbeya ya 2012 si Mbeya ya 2022, kwa sababu Songwe ilimegwa humo mwaka 2016. Asiyejua atachora grafu na kutangaza kwamba Mbeya imehamwa. Uganda ndiyo usiseme: wilaya 112 kwenye sensa ya 2014, na 146 ukijumlisha majiji kwenye ya 2024.

Hata namba za nchi hufa. Sudan ilipogawanyika 2011, Sudan Kusini ilipewa 728 na Sudan iliyobaki ikapewa 729. Ile 736 ilizikwa na nchi ya zamani. Sasa mtu aliyezaliwa Juba mwaka 1980 anapoulizwa amezaliwa nchi gani, jibu lake linategemea orodha iliyopakiwa kwenye kishikwambi na karani aliyekaa mbele yake. Ukikuta 736 na 728 kwenye faili moja, usizijumlishe mpaka uone dodoso.

MzeeWaMajedwali

Vijana, misimbo inanyooka kwa wiki mbili za kazi. Ugonjwa mkubwa ni tarehe, na ni nani wa kuhesabiwa.

Kenya na Tanzania huhesabu aliyelala ndani ya mipaka usiku wa sensa, awe mwenyeji au mpita njia. Dodoso la Rwanda linatenganisha mkazi aliyepo, mkazi asiyekuwepo na mgeni, na idadi inayotangazwa ni ya wakazi. Hayo ni majibu ya maswali mawili tofauti. Rusumo, mpakani mwa Rwanda na Tanzania penye foleni ya malori, tofauti hiyo si ya nadharia.

Kuhusu tarehe: kati ya sensa ya Kenya na ya Tanzania kuna miaka 3. Ili uziweke jedwali moja lazima uisogeze Kenya mbele. Kwa kasi ya asilimia 2.2 kwa mwaka, ile milioni 47.56 inakuwa karibu milioni 50.8 Agosti 2022. Tumia asilimia 2.5, inakuwa milioni 51.3. Watu kama laki nne na nusu wanazaliwa na kalamu yako peke yake. Na kasi ya taifa haifai mpakani, kwani mji wa mpakani hukua kwa biashara na si kwa uzazi tu.

Mwaka 1948 Idara ya Takwimu ya Afrika Mashariki iliihesabu Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar kwa mpango mmoja, sensa ya jumla ikafuatiwa na ya sampuli ya asilimia 10. Hakuna aliyekuwa na kishikwambi. Baada ya hapo kila mmoja akashika njia yake: Tanganyika 1957, Zanzibar 1958, Uganda 1959, Kenya 1962. Teknolojia imepanda, umoja wa tarehe umeshuka.

BintiMajira

Shikamoo mzee. Kwa 1948 tuwe waangalifu: Waafrika walihesabiwa Agosti, wasio Waafrika walikuwa wameshahesabiwa peke yao mapema mwaka ule. Mpango ulikuwa mmoja, siku hazikuwa moja. Kwa hiyo hata huo mfano unahitaji kusogezwa tarehe kabla ya kujumlisha.

MzeeWaMajedwali

Marahaba binti. Ni kweli, na inaongezea uzito hoja yangu badala ya kuipunguza.

Mdau_Kimya

Naweka kambi hapa. Endeleeni wajuzi.

JiraniWaMpaka

Mnazungumzia mafaili, ngoja niwarudishe kwa watu. Shida ya mpakani iko kwenye kipimo tunachokiamini kuliko vyote, yaani utafiti wa tathmini unaofuata sensa, ambapo watu wa maeneo machache huhesabiwa tena ili kujua sensa iliwaruka wangapi.

Hesabu yake inajulikana. Sensa imekuta watu 900 katika eneo, tathmini imekuta 800, waliokutwa kote kuwili ni 720. Unazidisha 900 kwa 800, unagawa kwa 720, unapata 1,000. Sensa imeruka asilimia 10. Hesabu hiyo imejengwa juu ya sharti kwamba kati ya sensa na tathmini hakuna aliyeingia wala kutoka.

Mpakani sharti hilo linavunjika kila siku ya gulio. Tuseme kati ya wale 80 ambao hawakulingana, 20 walikuwa ng'ambo usiku wa sensa. Hao hawakurukwa, hawakuwepo. Ukiwatoa, tathmini inabaki na 780, na jibu linashuka kutoka 1,000 hadi 975. Watu 25 kwa kila elfu ni wa kufikirika. Zidisha kwa ukanda wote wa RamaniHai.

Kinachokosekana ni swali moja kwenye dodoso la tathmini: "Usiku wa sensa ulilala nchi gani, na kama ni nje, karibu na mji gani?" Kisha nchi mbili ziulizane majina. Misimbo hata ikiwa mizuri kiasi gani, bila swali hilo huwezi kumtofautisha aliyerukwa na aliyesafiri.

Kipimo_Rula

Jirani, umenena. Niongeze waliolala njiani kabisa: dereva kwenye foleni ya forodha, abiria wa basi la usiku. Sensa huwa na makarani wa makundi maalumu wanaowahesabu usiku uleule kwenye nyumba za wageni, stendi, bandari na vituo vya mpaka, tena kwa dodoso fupi. Kituo cha pamoja cha mpaka kina majengo ya nchi mbili yaliyopakana. Pasipokubaliwa mapema nani anahesabu maegesho ya malori, ama yatahesabiwa na wote ama na yeyote asiyahesabu. Inatosha barua ya ukurasa mmoja na mstari mwekundu kwenye picha ya setilaiti.

Wakili_wa_Data

"Nchi mbili ziulizane majina." Hapo ndipo mnapogonga ukuta, ndugu zangu.

Sheria ya takwimu ya Tanzania na ile ya Kenya ya 2006 zote zinafunga taarifa ya mtu mmoja mmoja. Juu yake kuna sheria za ulinzi wa taarifa binafsi: Kenya na Uganda 2019, Rwanda 2021, Tanzania 2022. Mtakwimu hawezi kutuma orodha ya majina ng'ambo kwa sababu tu jirani ni rafiki. Na ni haki asiweze. Watu walijibu maswali kwa kuahidiwa siri.

Kwa hiyo naona mnatibu matawi. Shina ni kwamba hakuna utaratibu wa kisheria wa mtakwimu mmoja kumpa mwenzake wa nchi nyingine kitu chochote chini ya jedwali lililochapishwa. Haya ya misimbo na tarehe ni kazi ya ofisini. Hili ni kazi ya mabunge.

Mlinzi_wa_Lango

Si lazima majina yasafiri. Namba ya kitambulisho ifumbwe kwa hashi (kanuni inayoigeuza kuwa mfuatano wa herufi usiorudishwa nyuma) pande zote mbili, zilinganishwe hashi tu. Nchi hazioni majina, wanaolingana wanaonekana.

Seva_Baridi

Hapana, hilo ni hatari na linapendekezwa kila mahali. Namba ya kitambulisho ya tarakimu nane ina uwezekano milioni 100 tu. Kompyuta ya kawaida inafumba namba zote hizo kwa SHA-256, hashi inayotumika sana, ndani ya dakika chache, kisha inasoma orodha yako kama kitabu wazi. Hashi tupu ya namba fupi si siri.

Ikibidi kufumba, tumieni hashi yenye ufunguo wa siri, ufunguo uwe na urefu wa biti 256, utengenezwe na pande zote mbili kwa pamoja na ufutwe kazi ikiisha. Hata hivyo inabaki shida kubwa zaidi: hashi haivumilii kosa. "Mohamed" na "Muhammad" zinatoa matokeo tofauti kabisa. Na sensa nyingi hazina namba ya kitambulisho kwa kila mtu. Watoto hawanayo kabisa.

Njia salama ni kugeuza safari: programu isafiri, data ibaki. Mnaandika programu moja ya majedwali, kila ofisi inaiendesha kwenye seva yake yenyewe, kinachotoka ni jumla tu, kwa muundo wa SDMX, ambao ni kiwango cha kimataifa cha kubadilishana takwimu (ISO 17369) na unajulikana na kila ofisi ya takwimu inayotuma namba Benki ya Dunia au IMF. Weka sharti la kuficha kisanduku chenye watu chini ya 5 au 10. Na msiruhusu mtu aombe ukanda wa kilomita 20, kisha wa 19. Akitoa moja kwa nyingine anabaki na kijiji kimoja mkononi. Upana wa ukanda uwe mmoja na ufungwe.

Wakili_wa_Data

Kwa majedwali nakubali, hapo sheria haizuii. Lakini haijibu swali la Jirani. Yeye anataka kujua kama mtu fulani alihesabiwa ng'ambo. Jumla haitamwambia.

JiraniWaMpaka

Ndiyo. Nami sitaliacha.

Umri_Kamili

Mnajenga jedwali la umri na hamjauliza umri wenyewe ukoje.

Kabla ya kuunganisha pande mbili, pimeni kielezo cha Whipple kila upande, yaani kipimo cha watu wanaokadiria umri kwa kuupeleka kwenye 0 au 5. Jumlisha watu wenye umri unaoishia na 0 au 5 kati ya miaka 23 na 62, zidisha kwa 5, gawa kwa watu wote wa miaka 23 hadi 62, zidisha kwa 100. Ikiwa 100, hakuna aliyekadiria. Ikiwa 500, wote wamekadiria. Umoja wa Mataifa unahesabu chini ya 105 kuwa sahihi sana na kuanzia 175 kuwa mbovu sana. Upande mmoja ukiwa 115 na mwingine 180, jedwali la mwaka mmoja mmoja halina maana, tumieni makundi ya miaka mitano au kumi.

Kishikwambi hakiponyi hili chenyewe. Programu ikilazimisha tarehe ya kuzaliwa, karani anayetaka dodoso lipite atajaza 1 Januari au 1 Julai. Lipimeni: siku moja ya mwaka inatakiwa kuwa na asilimia 0.27 ya waliozaliwa. Ukiona asilimia 8 wamezaliwa 1 Januari, chambua kwa karani mmoja mmoja. Mara nyingi tatizo linakaa kwa wachache. Lichambuliwe siku ya pili ya kuhesabu, karani akiwa bado yuko eneo lake na anaweza kurudi kwenye kaya. Faida halisi ya kishikwambi iko hapo, kuliko hata kuokoa karatasi.

Na ruhusuni jibu la "hajui tarehe, anajua tukio". Orodha ya matukio ya kukumbushia umri iandaliwe kwa pamoja pande zote mbili, kwa kuwa watu wa mpakani wanakumbuka ukame uleule na mafuriko yaleyale, hata kama wana marais tofauti.

BintiMajira

Hiyo ya orodha ya matukio ya pamoja ni rahisi na hakuna sheria inayoikataza. Asante Umri.

MgeniJukwaani

Samahani wakuu, kwa nini tusiache kusumbuana na madodoso? Setilaiti inaona nyumba, kampuni za simu zinajua watu walipo. Kongo haijafanya sensa kamili tangu 1984, nasi tunaingoja?

RamaniHai

Karibu mkuu. Hufanyika, ila kuna masharti. Sudan Kusini, ambayo sensa yake ya mwisho ni ya 2008 kabla ya uhuru, ilifanya utafiti wa makadirio mwaka 2021: kaya za sampuli zikahesabiwa uwanjani, picha za setilaiti zikajaza palipobaki, jibu likawa watu milioni 12.4. Burkina Faso sensa ya 2019 ilishindwa kufika maeneo yasiyo na usalama, ikakadiria kwa alama za majengo. Somalia mwaka 2014 ilikadiria milioni 12.3, na wafugaji wanaohamahama waliwakuta kwenye vituo vya maji, kwa kuwa hapo ndipo kila kaya ya mfugaji hufika.

Angalia vizuri: zote zilipeleka watu uwanjani. Setilaiti inatoa idadi ya mapaa, haikupi wastani wa watu chini ya paa. Paa moja mjini ni ghorofa la familia ishirini, vijijini ni jiko au zizi. Wastani ukikosea kutoka 4.5 hadi 5, jumla yote imepanda asilimia 11 na ramani bado inapendeza machoni.

Kipimo_Rula

Na boma la nyasi lenye rangi ya udongo mara nyingi halionekani na programu ya kutambua majengo, wakati mabanda matupu ya mnada yanaonekana yote.

Simu ni mbaya zaidi mpakani hasa. Simu hushika mnara wenye mawimbi yenye nguvu, na mawimbi hayajui mpaka. Aliye upande huu anaandikwa mteja wa ng'ambo. Mtu mmoja ana laini mbili au tatu kwa sababu ya gharama za kupiga nje. Watoto hawana simu, na mama anaweza kutumia ya baba. Simu zinafaa kuonyesha mwendo, yaani siku ya gulio watu wanaongezeka mara ngapi. Hazifai kuhesabu wakazi.

MgeniJukwaani

Nimeelewa, asanteni.

Fundi_Betri

Tukitoka kidogo kwenye mada: ushirikiano uliowahi kufanya kazi wazi ni wa vifaa. Brazili ilihesabu kwa vifaa vya mkononi 2010, ikaisaidia Cape Verde mwaka huohuo, kisha vifaa vikaisaidia Senegal 2013. Kifaa cha sensa hufanya kazi wiki mbili au tatu kisha hulala miaka tisa. Nchi nane za Jumuiya ya Afrika Mashariki zikipishana tarehe, shehena moja ingezunguka.

MzeeWaMajedwali

Angalia sasa, wewe unataka tarehe zipishane, mimi nataka zilingane. Tutakutana wapi?

Fundi_Betri

Hatutakutana mzee wangu, ila mimi nitakuwa na chaji.

Nikiendelea: kukopeshana kunahitaji maandalizi. Kifaa kihifadhiwe na chaji ya karibu nusu, sehemu baridi na kavu, kiamshwe kila baada ya miezi mitatu hadi sita. Kikiachwa kimeisha chaji mwaka mzima, betri inakufa au inavimba na kuinua kioo. Pawabenki ni shida ya peke yake: usafiri wa anga unazichukulia kama betri za lithiamu zisizo ndani ya kifaa, kwa hiyo haziruhusiwi kwenye mizigo ya kawaida ya ndege za abiria, na kwenye ndege za mizigo zinatakiwa kuwa na chaji isiyozidi asilimia 30. Pelekeni kwa barabara.

Kabla ya kukabidhi: ondoa kifaa kwenye mfumo wa usimamizi wa mbali wa nchi ya kwanza, la sivyo kitajifunga kikiwashwa ng'ambo. Futa kwa kurejesha hali ya kiwandani, na hakikisha usimbaji wa hifadhi (kuifumba data isisomeke bila ufunguo) ulikuwa umewashwa tangu mwanzo, kwani kufuta bila usimbaji kunaweza kuacha majibu ya watu ndani. Chukua kifaa kimoja katika kila mia, jaribu kurudisha data kwa programu ya urejeshaji. Ukipata hata dodoso moja, shehena nzima isimame.

BintiMajira

Tanzania vishikwambi vya 2022 vilikwenda kwa walimu baada ya sensa. Shehena ya kuzunguka lazima iamuliwe kabla ya kununua.

Nirudi kwa Jirani. Nchi za Kaskazini mwa Ulaya zililimaliza swali lake bila dodoso. Mtu akihama Uswidi kwenda Norwe, nchi anayofikia ndiyo inayoamua kama ni mkazi wake, kisha inaijulisha nchi aliyotoka, nayo inamwondoa kwenye daftari kwa tarehe ileile. Hakuna anayehesabiwa mara mbili wala anayepotea katikati. Wanaohama hawana haraka ya kuaga, lakini wana haraka ya kujiandikisha kule wanakokwenda, maana ndiko kuna shule na hospitali. Mfumo umekaa juu ya tabia hiyo. Denmark ilishafanya sensa kwa madaftari tu tangu 1981.

Wakili_wa_Data

Na wana mkataba, dada. Ndiyo hoja yangu.

Daftari_Hai

Na wana daftari la kila kizazi na kila kifo, ndiyo hoja yangu. Kenya, Uganda na Rwanda zinaruhusu raia wao kuvuka kwa kitambulisho cha taifa tangu 2014, kwa hiyo kusomana kwa kadi kupo. Kinachokosekana ni waliomo kwenye daftari.

Tanzania ilianza mpango wa kusajili walio chini ya miaka mitano kuanzia Mbeya mwaka 2013: cheti kinaandikwa papo hapo kwenye kituo cha afya au ofisi ya kata, taarifa zinatumwa kwa simu. Mbinu nzuri. Ila mtakwimu asome tarehe ya kuzaliwa na siyo ya kusajiliwa. Ukipanga kwa tarehe ya usajili, mwaka wa kampeni utaonekana kama uzazi umefumuka. Na mtoto wa mpakani aliyezaliwa hospitali ya ng'ambo kwa sababu ndiyo iliyo karibu ana tangazo la uzazi huku na makazi kule. Dodoso la usajili liwe na visanduku viwili: nchi alikozaliwa na nchi anakoishi mama. Bila hivyo kituo kilicho karibu na mpaka kitaonyesha chanjo zaidi ya asilimia 100 ya watoto, na watu watadhani ni wizi wa namba.

Vifo ndiyo shimo. Anayefia nyumbani haandikwi popote, awe upande gani.

RamaniHai

Nimeanza jedwali la kuoanisha misimbo, kwa yeyote atakayeweza kulijaza. Safu ni hizi: msimbo wa pamoja kwa muundo wa Seva, msimbo wa ndani, msimbo wa ISO, jina, mwaka mipaka ilipoanza kutumika, mwaka ilipokoma, msimbo wa eneo mama (lile lililomegwa), na asilimia ya watu waliotoka kwa mama. Naanza na wilaya na kaunti ndogo zinazogusa mpaka wa Kenya na Tanzania, kutoka Ziwa Victoria mpaka pwani.

MzeeWaMajedwali

Ongeza safu ya tarehe ya sensa na nyingine ya nani alihesabiwa: aliyelala au mkazi.

Umri_Kamili

Na Whipple, wanaume na wanawake mbalimbali.

JiraniWaMpaka

Asilimia ya watu kutoka kwa mama isikadiriwe kwa eneo la ardhi. Wilaya ikigawanywa, nusu ya ardhi inaweza kuwa hifadhi isiyo na mtu. Ikokotolewe kwa jumla ya maeneo ya kuhesabia yaliyohamia, na pale eneo moja la kuhesabia limekatwa na mpaka mpya, weka alama ili lisitumike mpaka ofisi husika itakapolihesabu upya.

RamaniHai

Imeingia. Kipimo_Rula, wewe chukua upande wa Rombo, Taveta na Holili.